Kijana, Kamera na Usiku wa Nyasa



Mwezi huu twajibu swali la mzazi mmoja wa Maguu, katika milima ya Umatengo, Wilaya ya Mbinga. Asema kwamba mwanawe, kijana mwenye adabu na asiyekosa sala, alikusanya akiba ya vibarua vya msimu wa kahawa akanunua kamera iliyokwisha tumika na kistendi cha miguu mitatu. Tangu hapo kijana hutoka baada ya sala ya Isha akapanda kilimani kupiga picha za nyota, na mara kwa mara huteremka mpaka mwambao wa Ziwa Nyasa akarejea na picha za maji, mitumbwi na watu. Mzazi ana hofu tatu. Ya kwanza, je, si haramu? Ya pili, je, si kupoteza mali na usingizi? Ya tatu, na hii ndiyo imsumbuayo zaidi, majirani wameanza kunong'ona: mtu atembeaye peke yake kilimani usiku, na kitu chenye miguu mitatu begani, ni mwizi au ni mchawi? Aniuliza: "Nimkataze, au nimwache?"

Swali hili si dogo, maana nyumba nyingi leo zina kijana mwenye kamera, au simu ifanyayo kazi ya kamera. Basi na tulitazame kwa utulivu, hofu moja baada ya nyingine.

Tuanze na hukumu. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya picha za viumbe wenye roho. Wako wanaosema kwamba makatazo yaliyokuja katika Hadithi juu ya watengenezao sura yaingia hata katika picha za kamera, ila penye dharura kama pasi ya safari na vitambulisho. Na wako waliosema kwamba kamera haiumbi wala haiigi kuumba, bali huzuia kivuli tu, kama kioo kinavyopokea uso wa mtu. Miongoni mwa hao ni Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri na kufariki mwaka 1935, ambaye aliandika risala mahsusi juu ya jambo hili. Kila nyumba na ifuate wanavyuoni inaowaamini, wala tusivunjiane heshima kwa suala ambalo wakubwa wamehitilafiana.

Lakini kijana wetu hupiga picha za nyota, mwezi, milima na maji, na hapo njia ni pana zaidi. Imesimuliwa katika Sahihi mbili kwamba mtu mmoja aliyekuwa akipata riziki kwa kutengeneza sura alimwendea Ibn Abbas, Mungu awe radhi nao yeye na baba yake, naye akamwelekeza kwamba ikiwa hana budi na kazi hiyo, basi atengeneze miti na vitu visivyo na roho. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mwenye kuchora kwa mkono, basi mwenye kuelekeza lenzi yake kwenye mbingu hana la kuogopa katika kitu anachokipiga. Bali Qur'ani yenyewe, katika Sura ya Aali Imran, yatuambia kwamba katika kuumbwa mbingu na ardhi na kupishana usiku na mchana mna ishara kwa wenye akili. Na katika Sura ya Al-Ghashiya twaulizwa kama hatuitazami mbingu jinsi ilivyoinuliwa na milima jinsi ilivyosimamishwa. Kijana akaaye kilimani saa nzima akiitazama mbingu amekaribia ibada ya kutafakari, maadamu moyo wake uko pamoja na macho yake.

Tena elimu hii si ngeni kwetu Waislamu. Hassan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufariki Misri karibu mwaka 1040, ndiye aliyeonyesha kwa majaribio kwamba macho hayatoi miali ya kuvitazama vitu, bali nuru hutoka kwenye vitu ikaingia machoni. Aliandika Kitabu al-Manadhir, na katika risala nyingine alieleza jinsi jua lililopatwa linavyopitisha umbo lake la hilali katika tundu dogo na kulichora ukutani. Chumba cha giza chenye tundu moja ndicho babu wa kamera zote. Wapo wasemao kwamba hata neno kamera limetokana na neno la Kiarabu. Hilo si kweli, limetokana na Kilatini, na maana yake ni chumba tu. Heshima ya Ibn al-Haytham haihitaji kuongezewa uwongo.

Baada yake wamekuja wengine. Muhammad Sadiq Bey, mhandisi wa jeshi la Misri, alipiga picha mji wa Madina mwaka 1861, na mnamo 1880 akapiga picha Makka na mahujaji wake. Hapa petu Afrika Mashariki yupo Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Yeye naye alianza akiwa mwanafunzi, na kamera ya sanduku. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliamsha dunia nzima kutoa msaada; alipiga pia picha nyingi za Hija. Mwaka 1991 alipoteza mkono mmoja kwa mlipuko mjini Addis Ababa na bado akaendelea na kazi, mpaka alipofariki Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa ikaanguka karibu na visiwa vya Ngazija. Kamera ya mtoto wa shule, basi, yaweza kuwa mwanzo wa jambo kubwa, na mzazi asiidharau.

Sasa tuzitazame kazi zenyewe za kijana, kwani mzazi hawezi kuamua juu ya asilolijua.

Picha ya usiku yadai mambo matatu: lenzi iliyofunguliwa wazi, muda mrefu wa kupokea nuru, na chombo kisichotikisika. Ndiyo sababu ya kile kistendi cha miguu mitatu kilichowatia majirani wasiwasi. Lakini muda nao una mpaka. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, na kwa hiyo nyota zote huonekana zikisogea. Wapiga picha wana kanuni ya kukadiria: gawa 500 kwa urefu wa lenzi kwa milimita, nawe utapata sekunde. Kwa lenzi ya milimita 24 ni kama sekunde 20. Ukizidisha, nukta za nyota huwa vistari. Kanuni hiyo ni ya kamera kubwa. Kwa kamera ndogo muda hupungua.

Na vistari hivyo vina uzuri wake vikikusudiwa. Maguu iko karibu nyuzi 11 kusini mwa Ikweta, na kwa sababu hiyo ncha ya kusini ya mbingu iko nyuzi 11 tu juu ya upeo wa macho, kadiri ya ngumi moja ya mkono ulionyoshwa. Kijana akiitafuta, na autazame Msalaba wa Kusini, auendeleze mhimili wake mrefu kuelekea upande wa mguu wake mara nne na nusu. Hapo ndipo nyota zote huzunguka. Akiiacha kamera ikusanye nuru kwa saa moja au mbili, atapata duara za nuru juu ya mgongo wa mlima, na kwa jicho lake ataona kwamba kila kimoja huogelea katika njia yake, kama tulivyofunzwa katika Sura ya Yasin.

Mwezi nao humshangaza mwanafunzi. Akipiga kwa sekunde nyingi kama apigavyo nyota, hupata sahani nyeupe isiyo na alama. Sababu ni kwamba uso wa mwezi ni mawe yaliyopigwa na jua, na mahali penye jua hapahitaji muda mrefu. Sehemu 1 ya 125 ya sekunde, tundu la f/11 na ISO 100 yatosha kabisa kwa mwezi mpevu.

Hapa nyumba ya Kiislamu ina faida ambayo wengine hununua kwa vitabu. Mpiga picha wa usiku huishi kwa kalenda ya mwezi, nasi tunayo. Usiku wa mwisho wa mwezi na wa mwanzo wake ni wa giza, nao ndio wa nyota. Usiku wa 13, 14 na 15, ambao siku zake zimesuniwa kufungwa, ni wa mwangaza, nao ndio wa kupiga milima na mashamba yaliyooshwa na mbalamwezi. Wavuvi wa Nyasa nao huifuata kalenda hiyo hiyo: dagaa, ambao pande hizo huitwa usipa, huvuliwa kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri, na taa hufanya kazi vizuri pale mwezi usipokuwepo. Usiku wa giza, akisimama ufukweni, kijana huona mstari wa taa juu ya maji kama mji ulioelea.

Majina ya nyota nayo ni urithi wetu. Suheli, nyota kubwa ya kusini ambayo mabaharia wa pwani walielekezea vyombo vyao, huonekana jioni za Januari hadi Aprili mvua inapopasua mawingu. Kilimia, jina litokanalo na kulima, huchomoza mashariki baada ya Magharibi mwezi wa Novemba, wakati wakulima wanaposubiri mvua. Zuhura, Mushtari, Mirihi na Zohali zatajwa katika vitabu vya mababu zetu. Na ule mkanda mweupe wa nyota upitao katikati ya mbingu, sehemu yake nene kabisa hufika karibu na utosi mnamo saa tano usiku katika mwezi wa Julai, ambapo Umatengo hakuna mvua na hewa ni safi. Mzazi na aliangalie hilo: kazi nzuri kuliko zote yaweza kumalizika kabla ya nusu ya usiku, na kijana akalala, na Alfajiri ikamkuta msikitini.

Usiku wa Julai, hata hivyo, ni wa baridi kali huko juu. Lenzi hupata umande, na kamera ikiingizwa ghafla katika nyumba yenye moto hulowa ndani. Na aifunge ndani ya mfuko kabla ya kuingia, aiache humo mpaka ipate joto polepole.

Ama picha za mchana, Umatengo ina kitu ambacho dunia huja kukitazama, nacho ni ngoro. Wamatengo hupanga majani makavu kwa mistari inayokatana juu ya mteremko, huyafukia kwa udongo wa katikati, na pale palipochimbwa pakabaki shimo. Mlima mzima huwa kama sega la nyuki: mvua ikinyesha maji hutuama mashimoni wala udongo hauchukuliwi. Kijana aliyepiga ngoro saa sita mchana hupata picha bapa, kwani jua la utosini halitupi kivuli, na kwa latitudo ya Maguu jua huwa utosini kabisa karibu na tarehe 20 Februari na 22 Oktoba. Akipiga saa moja asubuhi au saa kumi na mbili kasoro jioni, kila shimo hujaa kivuli na kila tuta hung'aa, na hekima ya mababu yaonekana waziwazi. Picha kama hiyo ni ushahidi. Siku ambapo mteremko ule utaachwa au utalimwa kwa namna nyingine, wajukuu watajua ulikuwaje.

Kadhalika ziwani. Kuna nyakati ambapo wadudu wadogo waitwao kungu huinuka majini kwa mamilioni, wakawa nguzo za moshi juu ya ziwa. Livingstone aliwaona mwaka 1861, akaona pia watu wa mwambao wakiwakusanya na kuwafanya mikate. Nguzo hizo zataka kupigwa jua likiwa nyuma yake. Na kwa kuwa mwambao wetu ni wa mashariki, jua huzama majini kuelekea Malawi, na hilali ya kwanza huonekana hapo hapo juu ya maji. Kamera yaweza kumsaidia mtu kujifunza wapi pa kuitafuta. Hukumu ya kuandama kwa mwezi na tuwaachie wenye dhamana yake.

Tumefika katika safari, na hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu. Barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imelileta ziwa karibu. Kutoka huko kijana huweza kwenda Liuli, ambako Wajerumani walipaita Bandari ya Sphinx kwa ajili ya jiwe linalofanana na sanamu ile ya Misri, na ambako meli yao Hermann von Wissmann ilishambuliwa na Waingereza Agosti 1914. Mawe hayo hayana malalamiko. Lakini ufukweni pana watu.

Kwa wakazi wengi wa mwambao, ziwa ni kisima chao, ni dobi lao, na ni bafu lao. Alfajiri mwanamke huteremka kuoga na kufua akiwa na wanawe, kwa kuamini kwamba wapitao wana haya. Kijana mgeni, mwenye lenzi ivutayo mbali, aona mwangaza wa dhahabu juu ya maji na umbo la mtu katikati yake, naye asema moyoni, "Picha nzuri!" Kabla ya Adhuhuri picha hiyo iko katika simu za watu elfu moja, na mama yule hana habari kwamba amevuliwa nguo mbele ya nchi nzima. Je, twaweza kusema kwamba kijana huyo hakuiba kitu? Sura ya An-Nur yatukataza kuingia nyumba za watu bila ya idhini na yatuamrisha kuinamisha macho. Sura ya Al-Hujurat yatukataza kupeleleza. Lenzi ni jicho, na idhini iliyowajibika mlangoni yawajibika ufukweni. Sheria ya nchi nayo haikulala: mwaka 2022 Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na picha ya mtu ni katika mambo yake.

Basi tofauti ya picha za Mohamed Amin za mwaka 1984 na picha ile ya ufukweni ni nini, ilhali zote zaonyesha watu katika udhaifu wao? Zile zilipigwa ili wenye njaa wasaidiwe, na wakasaidiwa. Hii ilipigwa ili mpigaji asifiwe. Kijana na ajiulize kabla ya kubonyeza: "Mtu huyu akiiona picha hii, atanishukuru au atalia?" Akishindwa kujibu, na amwendee, amsalimu, amwombe. Akikataliwa, na aseme ahsante, aende zake. Hili ni haki ya kila jirani, na huko wengi wa majirani zetu ni Wakristo. Misiba yao, sala zao na wanawake wao wana heshima ile ile tuitakayo kwa wetu. Na asisogeze kamera yake kwenye kambi za askari wala vyombo vya ulinzi, kwani ziwa lile ni mpaka.

Jambo jingine ni ukweli. Siku hizi ni rahisi kubandika mwezi mkubwa kama nyumba juu ya ziwa, au kuiamuru mashine itengeneze picha ya mahali ambapo mtu hajafika. Mwezi katika mbingu ni kadiri ya nusu ya nyuzi moja tu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimkana mwenye kughushi pale alipokuta nafaka iliyolowa imefichwa chini ya kavu. Na picha iliyofichwa uwongo ni nafaka hiyo hiyo. Aliyeunganisha picha mbili na aseme kwamba ameziunganisha.

Twarudi kwa mzazi. Hofu ya kwanza tumeijibu: picha ya nyota na milima haina ubaya, na picha ya watu yataka elimu na idhini. Hofu ya pili yategemea kipimo. Mali ni ya kijana, na aliipata kwa jasho. Kamera moja inayotunzwa na kutumiwa si ubadhirifu, bali ubadhirifu ni kubadili kamera kila mwaka kwa kushindana na wenziwe. Na ama usingizi, Mtume alichukia mazungumzo baada ya Isha, lakini wanavyuoni wamelitoa katika makatazo hayo jambo lenye manufaa na elimu. Alama ya kupima ni Alfajiri. Ikimpita kwa ajili ya nyota, basi nyota zimemdhulumu, na ruhusa ipunguzwe.

Hofu ya tatu ndiyo ya hatari, wala mzazi hakukosea kuiogopa. Kijiji kina haki ya kujua ni nani atembeaye usiku, na minong'ono imekwisha kumwaga damu ya wasio na hatia katika nchi hii. Dawa ya minong'ono ni kujidhihirisha. Baba mwenyewe na amchukue mwanawe kwa mwenyekiti wa kitongoji, mchana kweupe, pamoja na kamera na kile kistendi, wamweleze siku na mahali. Wamwombe ruhusa mwenye shamba ambalo kijana husimama. Asiende peke yake, bali na nduguye au rafiki, na taa mkononi njia nzima. Kisha, usiku mmoja wa mwezi mpevu, wazee wa kitongoji na waalikwe kilimani, kila mmoja aangalie katika kamera ile milima ya mwezi iliyopigwa na jua. Aliyeona kwa jicho lake ndiye atakayewajibu wenye kunong'ona.

Na neno letu la mwisho kwa mzazi ni hili: mpe sharti, usimpe katazo. Vijana wangapi usiku huwatoa nyumbani kwa pombe na kamari, na wako mwana wako ametolewa na nyota! Panda naye mara moja. Mwulize ile ni nyota gani, na aliijuaje. Huenda ukagundua kwamba ulidhani mwanao amepotea gizani, kumbe amekutangulia hatua chache katika kuzisoma ishara za Mola wake.